Msafiri Huru na Kirongozi Wake

Wanafunzi wanaopata ufadhili wa kwenda ng'ambo, na hata watumishi wa umma wanaobakiwa na siku mbili tatu baada ya mkutano, wana swali wanaloniuliza mara kwa mara. Mtu akifika nchi ya watu, azunguke mwenyewe au amlipe mwongozaji? Huliuliza kama jambo la mfuko na la moyo: mwenye fedha chache au ujasiri mwingi aende peke yake, mwenye woga au haraka akodi mtu. Mimi nafundisha historia, na kwa hiyo jibu langu huwa refu kuliko walivyolitarajia. Naona swali lenyewe limebeba dhana isiyochunguzwa, kwamba binadamu aliwahi kusafiri peke yake katika nchi asiyoijua, akafika, akarudi.

Dhana hiyo ina umri mdogo. Katika karne ya 17 na ya 18, vijana wa makabaila wa Uingereza walipopelekwa Ufaransa na Italia kukamilisha malezi yao, hawakuachwa waende wenyewe. Walifuatana na mwalimu aliyelipwa na baba, na wakifika Roma walikabidhiwa kwa mwenyeji wa mji aliyeitwa cicerone. Jina hilo limetokana na Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, pengine kwa dhihaka ya wingi wa maneno ya watu hao. Kilichobadili mambo ni kitabu. Mwaka 1836 John Murray wa London alianza kuchapa vitabu vya mwongozo kwa wasafiri, na Karl Baedeker wa Koblenz akashika njia hiyohiyo. Dibaji za vitabu vya Baedeker zilitamka waziwazi kuwa shabaha yake ni kumwondolea msafiri, kadiri iwezekanavyo, haja ya kuwategemea viongozi wa kukodi na wenye nyumba za wageni. Kwa maneno mengine, msafiri huru alizaliwa dukani. Alimwacha mtu, akanunua kitabu kilichoandikwa na mtu mwingine aliyekwisha kuwauliza wenyeji.

Upande wa pili alisimama Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kila mmoja kwa shilingi moja. Kufikia mwaka 1869 alikuwa akiwapeleka watalii kwenye Mto Naili, na mwaka 1884 kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi na serikali ya Uingereza ya kuwapandisha mtoni askari waliokwenda kumwokoa Gordon huko Khartoum. Wanaodhani kuwa utalii na siasa ni vitu viwili visivyojuana nawaomba wautafakari mwaka huo.

Lakini mahali ambapo mabishano baina ya kwenda peke yako na kukodi mtu yalipata ukali wake ni katika milima ya Alpi, na hapo inafaa tukae kidogo. Mwaka 1820 Dakta Joseph Hamel, mtaalamu aliyetokea Urusi, alikuwa akipanda Mont Blanc. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na viongozi wake wa Chamonix walitaka kurudi. Yeye alishikilia kuendelea. Theluji ikaporomoka, ikawafukia viongozi watatu, na Hamel akapona. Mwaka uliofuata, 1821, wenyeji wa Chamonix waliunda chama chao cha viongozi. Chama kilikuwa na zamu, hivyo mgeni hakuchagua kiongozi. Alimpokea yule ambaye zamu yake imefika. Kilikuwa na viwango vya malipo na hazina ya kuwasaidia wanachama na familia zao. Wapandaji wa Kiingereza walinung'unika miaka mingi kwamba wananyimwa hiari yao. Walikuwa na hoja, kwa sababu zamu huweza kumpa mtu hodari mteja mzembe, na mteja hodari mtu mzembe. Ila katika manung'uniko hayo sioni sana kumbukumbu ya wale watatu. Barafu ndiyo iliyowakumbuka: kuanzia mwaka 1861, miaka 41 baada ya ajali, ilianza kuyatoa mabaki yao chini ya mlima.

Miaka minne baadaye, tarehe 14 Julai 1865, Edward Whymper na wenzake sita walifika kileleni mwa Matterhorn. Wakati wa kushuka kamba ilikatika na watu wanne wakafa, mmoja wao akiwa Michel Croz, kiongozi wa Chamonix. Walionusurika ni Whymper na viongozi wawili wa Zermatt, Peter Taugwalder na mwanawe wa jina hilohilo. Uchunguzi ulifanyika, na Taugwalder mzee hakupatikana na hatia. Hata hivyo, tuhuma kwamba aliikata kamba, au kwamba aliichagua ile dhaifu kwa makusudi, ilimfuata maisha yake yote. Mteja alipata umaarufu, kiongozi akapata shaka. Mgawanyo huu wa matunda tutakutana nao tena.

Ndipo lilipoibuka kundi la wapandaji waliojivunia kupanda bila viongozi. Miongoni mwao alikuwamo Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg, ambaye mwaka 1885 aliuvuka mlima Meije wa Ufaransa pamoja na ndugu wawili, Emil na Otto Zsigmondy, bila kiongozi yeyote. Sifa zake zilienea. Na ni Purtscheller huyo ambaye Hans Meyer wa Leipzig alimwalika mwaka 1889 wapande wote Kilimanjaro.

Meyer alikuwa amejaribu mara mbili. Mwaka 1887 barafu na uhaba wa vifaa vilimrudisha. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani: yeye na Oscar Baumann walikamatwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia. Safari ya tatu alipita kwa Mangi Marealle wa Marangu, akapewa ruhusa na msaada. Jambo lililoifanya safari hiyo ifanikiwe halikuwa ujasiri peke yake. Lilikuwa mpango wa chakula: kambi kadhaa ziliwekwa mlimani, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu kuzijaza, ili wale wawili wakishindwa siku moja wapumzike na kujaribu tena badala ya kurudi chini wakiwa na njaa. Katika kambi ya juu, kwenye tambarare ya baridi iliyo kati ya Kibo na Mawenzi, alikaa nao mtu wa Pangani, Muini Amani, akiwapikia na kuwalindia kambi. Tarehe 6 Oktoba 1889 walifika kileleni, na Meyer akakiita kwa jina la mfalme wake. Bingwa wa kupanda bila viongozi alifika juu ya Afrika akiwa amebebwa na mpangilio wa kazi za watu wengi. Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa kijana aliyewaonyesha njia. Ilichukua miaka 100, hadi maadhimisho ya mwaka 1989, kwa jina lake kutajwa hadharani kwa heshima. Kilele kilipata jina la Uhuru mapema zaidi, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge.

Kwetu, neno la kale la mtu wa kazi hii ni kirongozi. Wasomaji vijana huenda wakalidhani ni kosa la chapa, lakini ndilo lililokuwa midomoni mwa watu wa misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, ameacha maelezo marefu ya cheo hicho. Kirongozi alitangulia mbele ya msafara na bendera nyekundu, amevaa kitambaa kirefu cha rangi hiyohiyo, kichwani ngozi ya mbega au manyoya ya ndege. Mtu aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini, na mshale wake mmoja ulichomolewa podoni uwe ushahidi watakapofika kambini. Huyo si mtumwa wala tarishi. Huyo ni mwenye mamlaka, na mamlaka yake yalimhusu hata Mzungu aliyelipia safari. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi, ameonyesha kuwa watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, waliojua kudai, kugoma na kuondoka. Mgeni hakuwa na uchaguzi wa kuwa na kirongozi au kutokuwa naye. Njiani kulikuwa na hongo ya kujadiliana na watawala wa Ugogo, kulikuwa na visima vya kujulikana na posho ya kununua. Uchaguzi wake ulikuwa mmoja tu: kumheshimu mtu huyo au kugombana naye, na aliyegombana alichelewa.

Mfano wa Sidi Mubarak Bombay unafaa kuelezwa kwa kirefu. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja, na Burton na John Hanning Speke wakamkuta akiwa askari wa Sultani karibu na Pangani mwaka 1857. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha wala Kiarabu. Alijua Kihindustani cha jeshini, na Bombay alikijua kwa sababu ya miaka yake ya utumwa. Basi kila alilolijua Speke kutoka kwa watu wa bara lilipita katika mlolongo huu: mwenyeji kwa lugha yake, mkalimani kwa Kiswahili, Bombay kwa Kihindustani, Speke kwa Kiingereza daftarini. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alipoliona ziwa la Nyanza na kulipa jina la malkia wake, maelezo aliyokuwa nayo kuhusu ukubwa wake yalikuwa yamevuka lugha tatu. Wanafunzi wangu huniambia Speke aligundua. Huwauliza: kwa masikio ya nani?

Hata kujua kwamba ziwa hilo lipo hakukutokana na darubini. Ramani waliyokuja nayo wasafiri hao, iliyochorwa na wamisionari walioishi pwani, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kuwa si ziwa moja bali ni matatu, la Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Kikao kimoja barazani kilisahihisha ramani iliyokwisha kujadiliwa London. Mtu aliyeamua kwenda na ramani yake tu, bila kumsikiliza mwenyeji, angetafuta hadi leo.

Bombay alirudi barabarani na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akaongoza watu wa Cameron kuanzia mwaka 1873 hadi walipotokea bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Ni wachache sana wa zama zake waliolijua bara hili kwa miguu kama yeye. Vitabu vya Speke na Stanley vinaeleza bila haya jinsi walivyompiga. Chama cha Kijiografia cha London kilimtunukia nishani na, mwaka 1876, kikampa pensheni. Alikufa mwaka 1885. Nishani na pensheni ni mambo mema, na wenzake wengi hawakuyaona. Lakini Bombay hakuacha kitabu, na ndiyo maana tunamsoma kwa kalamu za waliompiga.

Mwaka 1879 Keith Johnston alikufa Behobeho, kusini mwa Tanzania ya leo, wiki chache baada ya safari yake kuanza. Msafara ulibaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye miaka 21. Aliendelea mpaka Ziwa Nyasa na Tanganyika, akarudi pwani, akasifiwa. Mnyapara wake mkuu alikuwa James Chuma, yuleyule ambaye pamoja na Susi na wenzao walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka Ilala hadi Bagamoyo, miezi mingi ya kutembea. Sitaki kumpunguzia Thomson sifa zake. Aliwasikiliza watu wake, na hiyo ni akili. Nataka tu tuone ni nani aliyejua njia.

Sasa tugeuze upande. Sisi tulipokuwa wageni kwa watu, ilikuwaje? Sultani Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875, miaka miwili baada ya kutiwa shinikizo afunge soko la watumwa Unguja, alifuatana na John Kirk, wakala wa Uingereza, na mkalimani wake alikuwa George Percy Badger, mtaalamu wa Kiarabu. Alionyeshwa miji ya viwanda. Waongozaji wake walikuwa hodari na wapole, na walikuwa watumishi wa dola iliyombana. Watumishi wa umma wanaopokewa uwanja wa ndege na afisa wa itifaki mwenye ratiba iliyojaa kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku wanaijua hali hiyo, hata kama hawajaipa jina. Dola ya Kisovieti iliifanya kuwa shirika kamili: Intourist, lililoanzishwa mwaka 1929, likawapa wageni mkalimani, hoteli na njia ya kupita, na njia nyingine zikafungwa.

Miaka 21 baada ya Barghash, Mngazija Selim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dakta Bumiller. Simulizi yake kwa Kiswahili ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Anasimulia nchi, vyakula, baridi, na jinsi watu walivyomshangaa kwa weusi wake. Wahenga wetu walisema mgeni ni kuku mweupe. Selim alikuwa kuku mweupe kwa kuwa mweusi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vya siku hizi vinavyohimiza kila mtu ajitose mwenyewe. Uhuru wa kuzurura haujagawiwa sawa. Mwaka 1936 mpeleka barua wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapa kitabu kidogo kilichowaonyesha Wamarekani weusi wenye magari hoteli, migahawa na vituo vya petroli ambako wangepokewa bila kutukanwa au kudhuriwa. Kiliendelea kuchapwa hadi miaka ya 1960, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi katika sehemu hizo. Baedeker alimpa Mzungu kitabu ili asimhitaji mtu. Green alimpa Mweusi kitabu ili ajue ni mtu gani atakayemfungulia mlango, naye alikuwa katika nchi yake mwenyewe. Mwanafunzi wangu anayeshuka katika mji wa ugenini na pasipoti yetu mkononi yuko karibu zaidi na wasomaji wa Green. Kwake, mwenyeji wa kumwonyesha mitaa siku mbili za kwanza si anasa. Ramani ya simu itamwonyesha barabara, lakini haitamwambia kwamba polisi wa kituo fulani husimamisha watu wa rangi yake, au kwamba mwenye nyumba fulani hubadili bei akisikia lafudhi.

Mahujaji wetu walilijua hili zamani. Makka ilikuwa na mutawifu, aliyempokea haji, akamwelekeza ibada, akamtafutia malazi, na kila mutawifu alikuwa na watu wa nchi zake. Wapo waliolalamikia gharama zao, na wapo waliorithisha jina la mutawifu wao kwa watoto kama wanavyorithisha jina la sharifu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli ndani ya familia moja.

Mjadala huo umerudi sasa kwa sura ya sheria. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 serikali ya Nepali iliwataka wageni wanaotembea katika njia zake nyingi za milimani wawe na kiongozi mwenye leseni, kwa kutaja usalama na ajira. Viongozi wa Khumbu, eneo la Everest na nyumbani kwa Masherpa, walikataa amri hiyo kutumika kwao. Kilimanjaro, mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Naiunga mkono sheria ya namna hii, kwa sababu anayepotea mlimani hutafutwa na wenyeji, na wanaomtafuta nao huweza kufa. Lakini kumlazimisha mgeni akodi mtu bila kumlazimisha anayekodi alipe ipasavyo ni kumwongezea mwenye kampuni wateja tu. Wapagazi wa Kilimanjaro, wanaojiita wagumu, bado hutegemea bakshishi kukamilisha ujira wao. Bakshishi ni hisani, na hisani haina mahakama.

Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Khumbu na kuwaua Wanepali 16 waliokuwa wakiandaa njia ya wateja wao kuelekea Everest. Serikali ilitangaza rupia 40,000 kwa kila familia, za gharama za mazishi, kiasi cha dola 400 hivi, wakati kila mgeni alikuwa amelipa maelfu ya dola kwa kibali peke yake. Masherpa walikataa kuendelea, na msimu wa kupanda upande wa Nepali ukafa. Wageni wengi waliokuwa kambini wakiwa na vifaa, fedha, afya na nia ya kufika kileleni walifunga mizigo yao wakarudi nyumbani.